Kama Kaskazini ilinunua pamba ya Kusini, Wamarekani walipigania nini 1861?

Mwalimu wa Wete

Assalaam aleikum. Ninasomesha historia kidato cha tano hapa Pemba, na mada yetu ya sasa ni Marekani kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Vitabu tulivyonavyo vinaeleza kwamba Kaskazini ilikuwa ya viwanda na Kusini ya mashamba, kisha vinaruka moja kwa moja hadi vitani, kana kwamba mtu wa kiwandani na mtu wa shambani hawawezi kukaa nchi moja. Mwanafunzi mmoja ameuliza: ikiwa viwanda vya nguo vya Kaskazini vilinunua pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini, mnunuzi na muuzaji waligombania nini? Mwengine akataka kujua kwa nini hapa kwetu, ambako mikarafuu nayo ilipandwa na kuchumwa na watumwa, utumwa ulikwisha bila ya vita kama vile. Naomba msaada wa wenye kuijua mada.

Maalim Mstaafu

Waalaikumu salaam, mwalimu. Huyo mwanafunzi wa kwanza ameshika penyewe, kwa sababu pande mbili zile zilikuwa zimefungamana kwa pamba kuliko vitabu vinavyokubali.

Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa wapatao 700,000, na wapo walioamini kwamba utumwa ungefifia wenyewe, maana tumbaku ilikuwa imechosha ardhi ya Virginia. Pamba inayokubali kuota bara ilikuwa ya nyuzi fupi, ambayo mbegu zake za kijani hung'ang'ania nyuzi, hata mtu akishinda kutwa akiichambua kwa vidole hupata kama ratili moja tu iliyo safi. Mashine ya kuchambua ya Eli Whitney, ya 1793, ilifanya kazi ya makumi ya watu kwa siku. Mashine ile ilipunguza kazi ya kuchambua, lakini haikupunguza kazi ya kupanda, kupalilia wala kuchuma, na hapo ndipo mahitaji ya watumwa yalipopanda badala ya kushuka. Kufikia 1860 watumwa walikaribia milioni 4, na pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote zilizosafirishwa nje.

Kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku tangu 1808, kwa hiyo ongezeko hilo lilitokana na kuzaliana, na mashamba mapya yalijazwa kwa biashara ya ndani. Watu wapatao milioni moja walihamishwa kutoka majimbo kama Virginia na Maryland kupelekwa Alabama, Mississippi na Louisiana, wengine kwa miguu wakiwa wamefungwa minyororo, wengine kwa meli hadi mnada wa New Orleans. Fedha ya pamba ilipita mikononi mwa benki, mabima na wenye meli wa New York, na pamba yenyewe ikalisha viwanda vya Lowell, Massachusetts. Wafanyabiashara hao walikuwa watu wa mwisho kutaka vita; Januari 1861 meya wa New York, Fernando Wood, alidiriki kupendekeza mji wake nao ujitenge na Marekani, kama majimbo ya Kusini yalivyokuwa yakijitenga, ili biashara isikatike.

Sasa, ugomvi ulitoka wapi? Kwa maoni yangu ulitoka kwa watu ambao hawakuwamo sana katika biashara ya pamba. Zamani mkulima wa Ohio au Illinois aliteremsha nafaka yake kwa mto Mississippi hadi New Orleans, na kwa hiyo riziki yake ilipitia Kusini. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa 1825, na baadaye reli, ambazo kufikia 1860 zilifika maili 30,000 hivi na nyingi zikiwa Kaskazini, nafaka ile iligeukia mashariki. Mkulima huyo alitaka ardhi mpya ya magharibi kwa ajili ya watoto wake, na hakutaka kushindana na tajiri mwenye watumwa mia. Tajiri naye alihitaji ardhi mpya na, zaidi ya hapo, majimbo mapya ya kumpa kura katika Seneti, baraza la juu la bunge lao. Mapatano ya 1820 yalichora mstari wa kutenga ardhi ya utumwa na ardhi isiyo na utumwa, mapatano ya 1850 yakaiingiza California kama jimbo lisilo na utumwa na kuvunja usawa wa majimbo ya utumwa na yasiyo na utumwa katika Seneti, na sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854 ikaufuta mstari wa 1820. Kansas watu wakaanza kuuana, na mwaka huo huo wa 1854 kikazaliwa chama cha Republican, ambacho dai lake kubwa lilikuwa utumwa usienee.

Kijana wa Malindi

Shikamoo, Maalim. Nimekufahamu, lakini naona suala la ushuru wa forodha umelipita. South Carolina, jimbo la Kusini, iliipinga sheria ya ushuru ya 1828 hadi ikatangaza mwaka 1832 kwamba haitambui, na Rais Andrew Jackson akatishia kutumia jeshi. Kusini iliuza pamba Uingereza na kununua bidhaa za huko, kwa hiyo ushuru uliolinda viwanda vya Kaskazini uliiumiza. Je, hizi hazikuwa haki za majimbo dhidi ya serikali kuu?

Bi Mkunazini

Mwanangu wa Malindi, ugomvi wa 1832 ulikuwapo kweli, ila ulimalizwa kwa mapatano mwaka uliofuata. Viwango vya ushuru vilishushwa tena 1857, na sheria mpya iliyovipandisha ilipita Machi 1861, majimbo saba ya Kusini yakiwa tayari yamekwishajitenga na Marekani na wabunge wao wamekwishaondoka. Hawawezi kuwa wameikimbia sheria iliyopita kwa sababu wao hawakuwapo.

Ama haki za majimbo, tazama sheria ya 1850 ya watumwa waliotoroka. Hiyo ilikuwa serikali kuu ikiingia ndani ya majimbo ya Kaskazini, ikimlazimisha raia kusaidia kumkamata mtoro, na afisa aliyesikiliza shauri akilipwa dola 10 akimrejesha mtu kwa bwana wake, lakini dola 5 tu akimwachia. Kusini iliitaka sheria hiyo kwa nguvu zote. South Carolina ilipotoa tamko la sababu zake Desemba 1860, lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba majimbo mengine hayarejeshi watoro, ushuru haukutajwa. Na hesabu ya mali inaeleza mengi: watumwa wale walithaminiwa zaidi ya dola bilioni 3, ambazo zilizidi mtaji wa reli na viwanda vyote vya nchi.

Nije kwetu. Uzi huu ulifika mpaka Forodhani. Marekani ilitia saini mkataba na Sultani wetu, Seyyid Said, mwaka 1833, balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, bandari ya Massachusetts, akafika 1837, na meli za Salem zikateremsha majora ya merikani na kupakia pembe za ndovu na sandarusi. Pamba iliyochumwa na mtumwa wa Kusini ilifumwa Massachusetts, ikauzwa Unguja, ikabebwa bara na misafara na kubadilishwa kwa pembe na, mara nyingine, kwa watu. Vita vilipokatiza pamba, nguo za Uingereza na Bombay zilichukua nafasi.

Kwa nini hapa hapakuwa na vita? Wenye mashamba wetu hawakuwa na bunge, wala jeshi lao, wala bara jipya la kugombania. Uamuzi ulikuwa wa Sultani, na Sultani alibanwa na manowari za Kiingereza: mikataba ya 1822 na 1845 ilipunguza biashara ya watumwa, ule wa Juni 5, 1873 chini ya Seyyid Barghash ukafunga soko la watumwa, na amri ya 1897 ikaondoa hali ya kisheria ya utumwa. Lakini wanafunzi wasiambiwe kwamba kwetu mambo yalikuwa mepesi. Chini ya amri ile mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, bwana ndiye aliyelipwa fidia, na wengi walibaki kwenye ardhi ya bwana yule yule wakichuma karafuu zile zile.

Mwalimu wa Wete

Ahsanteni sana nyote. Limebaki moja: Wazungu wengi wa Kusini hawakumiliki mtumwa. Wao walipigania nini?

Maalim Mstaafu

Familia zilizomiliki watumwa zilikuwa karibu robo katika majimbo ya utumwa. Waliobaki, wapo waliokodi mtumwa wa jirani, wapo waliochambulia pamba yao kwenye mashine ya tajiri, na wengi walitumai siku moja nao watanunua. Hata fukara alijua kwamba sheria imewaweka mamilioni ya watu chini yake. Lakini hawakuwa kauli moja. Watu wa milima ya magharibi ya Virginia, ambako mashamba makubwa yalikuwa machache, walikataa kujitenga, na mwaka 1863 wakawa jimbo lao la West Virginia. Ukipata ramani ya idadi ya watumwa kwa wilaya mwaka 1860, waoneshe wanafunzi sehemu hiyo kwanza.