Naomba ushauri: binti yangu hataki kwenda bweni, eti nani atabaki na mimi

Habari zenu wapendwa, mi niko Ujiji Kigoma, nauza dagaa. Baba watoto anakunywa sana, madeni yake nalipa mimi, kazini kwake nawadanganya eti anaumwa. Sasa kinachoniumiza ni binti yangu mkubwa, kapata nafasi shule ya bweni Tabora na hataki kwenda, anasema nikiondoka nani atakubembeleza ukilia mama. Siri zangu zote anazijua, nisipokula na yeye hali.

Nesi mmoja alinieleza haya mambo yalianza kuongelewa Marekani kwa familia za walevi, kwamba nyumba nzima inaishi kwa kumwangalia mlevi kaamkaje leo mpaka kila mtu anasahau maisha yake, nikaona ndo sisi kabisa. Kusaidiana sikatai, huku kwetu mtoto kulea wadogo zake ni kawaida na ni vizuri, ila huyu kanibeba mimi mtu mzima.

Niongee nae vipi aende shule bila kuona namfukuza? Na huyu baba, nikiacha kumlipia madeni ya pombe ndo nitakuwa nimemtelekeza? Mliopitia haya naombeni mnisaidie jamani, shule zinakaribia kufunguliwa.