Konokono wameniteka tangi la samaki: tupeane uzoefu

Assalaam alaykum wafugaji wenzangu wa Unguja na Pemba.

Mie niko Mwanakwerekwe. Nina tangi la kioo la lita 60, samaki wadogo waitwao gapi kama ishirini, na mimea kidogo. Miezi miwili nyuma nilinunua kishada cha majani ya majini kwa kijana anayeyaleta kwa boti kutoka Dar. Nikayasuuza bombani juu juu, nikatia. Wiki ya pili akaonekana konokono mmoja kwenye kioo, mdogo kuliko punje ya mtama. Mwanangu akafurahi, akamwita Kibuyu. Leo asubuhi nimehesabu upande mmoja tu wa kioo: 73. Jina halikubadilika, wote ni Kibuyu.

Nimeshauriwa nitie dawa ya shaba. Kabla sijatia kitu, naomba kila aliyewahi kukutwa na hili aseme lililomkuta mwenyewe. "Nimesikia" tuziache barazani.

Wa Jang'ombe

Waalaykum salaam. Acha nianze mie, maana hasara yangu kubwa.

Nilitia hiyo hiyo shaba, ile dawa ya samaki wenye madoa meupe, na kipimo nilikifuata. Konokono walikufa ndani ya siku mbili, mamia. Sasa wamefia wapi? Chini ya changarawe, mkono haufiki. Wakaoza humo humo. Maji yakawa na ukungu, amonia, ile sumu ya uozo, ikapanda, asubuhi ya tatu nakuta samaki wote juu wanatweta. Kati ya samaki kumi na wanne walibaki watatu. Kamba wangu wadogo walikwisha siku ya kwanza, kwani shaba haimjui konokono na kamba, wote inawaua. Hata baada ya kuosha tangi na kuanza upya, kamba niliowatia hawakukaa. Nilikuja kuitupa changarawe yote.

Kaka, usitie.

Bibi wa Wete

Mwanangu, nikuulize kwanza: nani anawalisha hao samaki?

Kwangu wako wajukuu watatu. Kila mmoja akirudi chuoni anakwenda kwenye tangi, anatia chakula, anaondoka zake. Kila mmoja akidhani yeye ndiye mlishaji. Mie nami asubuhi natia changu. Samaki walikuwa wanashiba mara nne kwa siku na kilichobaki kinazama, ndiyo ikawa karamu ya konokono. Nilipigana nao miezi kwa kuwatoa mmoja mmoja, na kila nikitoa kumi wanakuja ishirini.

Siku nilipolificha kopo la chakula kabatini ndiyo mambo yakabadilika. Mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa papo hapo, na Ijumaa hawali kabisa. Samaki mzima hafi kwa kukosa siku moja. Pamoja na hilo nikawa nachemsha jani la saladi kidogo tu lilegee, nalifunga kijiwe, nalizamisha usiku baada ya taa kuzimwa. Alfajiri nalivuta taratibu. Jani la kwanza lilitoka na konokono arubaini na kitu. Kipande cha tango pia wanakipenda, ila kikisahauliwa kinachafua maji, nami nimeshakisahau.

Ilichukua kama wiki sita. Hawajaisha, lakini sasa naweza kuwahesabu kwa vidole.

Chukwani

Ponda hapo hapo kwenye kioo kwa kidole. Gapi wanakuja kula wenyewe. Ila usiponde wengi kwa siku moja.

Mzee wa Mji Mkongwe

Vijana, nyinyi mnawaita wavamizi, mie nawaita walinzi.

Nafuga samaki tangu kabla ya kile kiza cha miezi mitatu Unguja ilipokosa umeme, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waliokuwepo wanakumbuka. Pampu hazifanyi kazi, jenereta la jirani linaunguruma saa mbili tu usiku. Tangini mwangu walikuwamo konokono wale warefu wenye ncha, kama vijipembe. Mchana wanajifukia mchangani huwaoni, usiku ndio wanatoka. Asubuhi moja baada ya sala namulika tochi, nakuta wote wako juu, wamejipanga usawa wa maji kama abiria wanaosubiri boti. Nikajua hewa imekwisha majini. Nikachota maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu, nikachota na kumimina, mkono ukauma. Kisha nikabadilisha robo. Samaki wote walipona. Mpaka leo, nikiwakuta wamepanda juu kwa wingi mchana, natizama maji kabla sijatizama kitu chengine.

Halafu wanaupekua mchanga, hautuami ukanuka.

Aibu yao ni moja: jike hahitaji dume. Anazaa peke yake, na anazaa vitoto hai, si mayai. Ukibakisha mmoja umebakisha ukoo mzima. Na maji yetu ya visima yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, yamejaa chokaa, magamba yao yanakuwa kama kauri. Kwa hivyo kuwamaliza hapa kisiwani ni kujichosha.

Mwanzisha uzi

Shukran mzee wangu. Wangu si warefu, ni mviringo na wepesi, gamba linang'aa kama kibofu. Mtu amenitia hofu: ati konokono ambaye ukimshika ncha juu mdomo wa gamba unakaa kushoto ni wa kichocho. Nimewatizama. Wote kushoto!

Muuguzi, Chake Chake

Usijitie hofu kwa hilo, mdogo wangu. Ni kweli konokono wa kichocho cha mkojo wa huku kwetu, anayeitwa Bulinus globosus, mdomo wake uko kushoto. Lakini na hao vibofu wa kwenye matangi ni kushoto vile vile. Alama hiyo peke yake haikwambii kitu.

Cha kuuliza ni ametoka wapi. Konokono hazaliwi na kichocho. Anakipata majini, pale mgonjwa anapokojoa mtoni au bwawani, mayai ya minyoo yakaanguliwa, na kijidudu kikamwingia. Baada ya wiki kadhaa ndipo konokono anatoa vijidudu vyengine vinavyopenya ngozi ya mtu. Aliyeanguliwa ndani ya tangi lako, kwenye maji yako, hakukutana na mkojo wa mtu yeyote.

Ninaowaogopea ni wanaokwenda kuchuma majani bure kwenye mito na mabonde ya mpunga, ya huku Pemba au ya kaskazini na kati ya Unguja, wakayaleta nyumbani na konokono wake, kisha wanatia mikono mitupu. Kuna mtu wa familia yangu alifanya hivyo. Nilimwambia ayatoe yote, maji akayamwage juani mbali na mtaro, konokono akawaponda na kuwafukia. Akanuna. Watoto skuli wanapewa praziquantel, dawa ya kichocho, kila mara halafu sisi wakubwa tunaleta mto sebuleni!

Na hao mnaowatoa msiwatupe mtoni. Ana uwezo wa kuishi huko huyo.

Fundi wa Fuoni

Mie nilikwenda kwa mvuvi nikaomba samaki bunju mdogo, nikisoma kwamba bunju anakula konokono. Kweli, wapo bunju wadogo wa maji baridi huko India wanaokula konokono. Wangu alikuwa wa bahari. Msinicheke.

Dada wa Kiembesamaki

Tumeshacheka.

Mie sitii jani jipya bila shabu. Shabu hii hii ya madukani Darajani, ya kutulizia maji machafu. Vijiko viwili vikubwa kwenye lita nne za maji, nayeyusha, naloweka majani tangu asubuhi mpaka magharibi. Nasuuza mara tatu kwa maji mengi, kisha yanakaa ndoo ya peke yake wiki mbili, nayakagua. Mayai ya hawa vibofu ni ute mwangavu kama tone la gundi chini ya jani, usipotafuta huyaoni. Jiki nayo niliijaribu, sehemu moja kwa kumi na tisa za maji, dakika mbili. Majani magumu yalistahamili. Yale laini ya nyuzinyuzi yaligeuka uji.

Mwanzisha uzi

Wiki ya sita, nimerudi kutoa hesabu.

Shaba sikutia. Kopo la chakula liko juu ya friji, na niliyekuwa nalisha kupita kiasi ni mie mwenyewe, si mtoto. Saladi usiku mara tatu kwa wiki, robo ya maji kila Ijumaa. Upande ule ule wa kioo jana: 9.

Mtoto alilia kuona jani linatoka na Kibuyu wote. Tukakubaliana abakishiwe mmoja kwenye gilasi dirishani, peke yake, hana mwenza, asiweze kuzaa.

Leo asubuhi kuna ute kwenye gilasi. Nimehesabu vidoto kumi na saba ndani yake. Nani anataka Kibuyu?