Bega la mwanangu limeteguka mara ya pili: afungwe utepe au apasuliwe?

Mama wa Namba Saba
Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu ana umri wa miaka 19 na anacheza raga hapa Nairobi, nafasi ya flanka. Mwaka jana alimkaba mpinzani huku mkono ameunyosha kando, bega la kulia likachomoka, likarudishwa hospitalini, naye akavaa kombeo wiki tatu, kisha hatukufuatilia jambo lolote. Jumamosi limechomoka tena, na safari hii hakukuwa na kishindo; aliteleza tu akiwa na mpira. Mchezaji mwenzake aliuvuta mkono papo hapo kando ya uwanja, nikausikia mlio nikiwa nimeketi safu ya tatu. Kocha anasema afungwe utepe na arudi baada ya majuma matatu. Daktari ametaja upasuaji. Je, akipasuliwa ndiyo mwisho wa kucheza?

Fizio wa Kilimani
Pole sana, Mama. Kabla ya upasuaji kuna jambo la leo: bega lililorudishwa uwanjani bila picha linahitaji eksirei, kwa sababu huenda mfupa umevunjika bila mtu kujua. Mwambie pia afumbe macho, umguse taratibu kwa pamba upande wa nje wa bega, pale tunapodungwa chanjo, kisha ulinganishe na bega la pili. Akihisi ganzi, huenda neva inayopita chini ya kiungo hicho imeumia, na hilo lisisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Ama kuhusu kuchomoka kwenyewe, fikiria chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha chai. Kinachozuia chungwa lisibingirike ni ukingo wa gegedu unaokizunguka kisahani, pamoja na kano na misuli. Bega likitoka kwa mbele, kama yatokavyo mengi, ukingo huo mara nyingi hubanduka, jeraha ambalo daktari Mwingereza Bankart alilieleza tangu 1923. Utepe hubandikwa juu ya ngozi. Hauwezi kuurudisha ukingo uliobanduka ndani.

Mstaafu wa Skramu
Mama, mimi nilifuata njia ya utepe kwa misimu miwili. Bega lilifikia kuchomoka nikinyoosha mkono kushika chuma cha juu ndani ya matatu, na usiku mmoja likatoka nikijigeuza kitandani. Nilipokwenda kwa daktari wa mifupa, kikombe cha bega, yaani kile kisahani, kilikuwa kimelika kwa mbele, hivyo kushona gegedu pekee kusingetosha. Nilifanyiwa upasuaji wa Latarjet, yaani kipande cha mfupa kutoka sehemu nyingine ya bega hilohilo huhamishwa na kukazwa kwa skrubu. Nilirudi uwanjani, ila miezi ya kwanza hata shati nilivalishwa na mamangu, jambo ambalo wenzangu hawajaacha kulicheka.

Daktari, Upper Hill
Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa sipendi mzazi atoke hapa akidhani kila bega lazima lipasuliwe. Mtu wa miaka 40 anayeteguka mara moja anaweza kupona vizuri kwa mazoezi. Kijana wa chini ya miaka 20 anayerudi kwenye mchezo wa kugongana ni habari tofauti, kwani wengi wao huteguka tena, na kila mara mfupa hukwaruzika zaidi. Kombeo la wiki nyingi halipunguzi hatari hiyo. Kwa mwanao ningeomba MRI, picha ya sumaku inayoonyesha gegedu, na CT, picha ya kina ya mfupa, ikiwa mfupa unashukiwa kulika, ndipo tuchague baina ya kushona gegedu kupitia matundu madogo kwa msaada wa kamera na upasuaji mkubwa zaidi.

Hapana, si mwisho wa kucheza. Wengi hurudi kwenye kukabana baada ya miezi minne hadi sita, lakini kalenda peke yake isimpe ruhusa: mkono ule ulingane nguvu na mwenzake, na aweze kuuinua na kuugeuza nje bila kuogopa kwamba utatoka. Kazi hiyo hufanywa polepole kwa mipira ya kuvuta, ikilenga misuli minne midogo inayolikumbatia bega. Majuma matatu ya kocha hayatoshi hata kwa mazoezi hayo.

Mama wa Namba Saba
Asanteni sana. Nimemgusa kwa pamba kama nilivyoelekezwa. Bega la kulia anasema ni kama nimemgusa juu ya sweta, na hajavaa sweta. Tunaondoka kwenda hospitali sasa hivi. Kocha nitampigia kesho.