Riwaya za upelelezi: nianze na ipi?

Muulizaji, Mikindani: Wakuu, korosho nimeshauza, jioni nipo barazani na taa ya sola. Nataka riwaya ya upelelezi wa taratibu, siyo ngumi kila ukurasa. Niliyoazima mwisho ilinyofolewa kurasa nne za mwisho. Muuaji simjui mpaka leo, na inaniuma kweli.

Masasi: Simu ya Kifo ya Katalambula, 1965. Humo yumo Inspekta Wingo.

Lindi mjini: Mimi nakwambia Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla. Si askari yule, ana kiko chake na akili yake, hakurupuki. Kiswahili cha Unguja kitamu, usikimbize.

Muulizaji: Ahsante mkuu. Nakala unayo? Jumamosi nakuja Lindi. Nitaifunika gazeti, na kurasa nitazihesabu mbele yako.