Reiki kwa mwenye sukari: hufanywaje, na ina madhara?

Mwana Wete: Asalaam alaykum. Hii Reiki inayotangazwa pwani ya Paje hufanywaje hasa? Mgonjwa ni bibi mtu mzima, ana sukari na nyayo zimekufa ganzi.

Kiganja: Waalaykum salaam. Ni tiba ya kuwekewa mikono, ikidaiwa viganja hupitisha "nishati" ya kuponya. Asili yake Japani, kwa Mikao Usui, 1922. Mgonjwa hulala chali na nguo zake. Viganja huwekwa machoni, masikioni, kisogoni, kooni, kifuani, tumboni, kisha mgonjwa hugeuzwa, vikaja mgongoni. Kila pahala dakika 3 hadi 5, jumla kama saa moja. Hakandwi wala habonyezwi. Akikandwa hiyo masaji. Asiyetaka kuguswa aseme mapema, mikono itabaki hewani.

Bi Mkunazini: Kupumzika atapumzika, saa nzima kimya nani asisinzie? Ila hiyo "nishati" haijaonekana kwenye kipimo. Marekani, Emily Rosa akiwa na miaka 9 aliwajaribu watu 21 wa tiba ya jamii hiyo, ile ya kupitisha mikono bila kugusa. Waliingiza mikono kwenye matundu ya kiambaza wasimuone. Yeye akirusha sarafu, kisha akiweka kiganja chake juu ya mmoja wa mikono yao, wa kulia au wa kushoto. Waseme upi. Mara 280, wakapatia 123. Mwenye kubahatisha angepata 140! Ilichapishwa 1998.

Kwa bibi, mikono haimdhuru. Cha kuogopa ni taulo la moto linalowekwa miguuni. Nyayo zenye ganzi hazisikii moto, atainuka na malengelenge, na lengelenge la mwenye sukari ndilo linalogeuka donda ndugu. Likataeni. Tena kama anadunga insulini asende na njaa: sukari itashuka kitandani, nao watadhani kasinzia. Akimaliza akae kitako kwanza, asisimame ghafla. Dawa zake haachi hata siku moja.

Mwana Wete: Ahsanteni. Kuna anayesema ni kama kombe tu.

Kiganja: Wapi! Kombe ni aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikakoshwa kwa maji ya waridi, zikanywewa. Shifaa huombwa kwa Mungu, si kwa kiganja cha mtu. Kombe huharibika kwenye wino, maana zafarani ghali na wengine hutia rangi ya chakula. Tia unyuzi kwenye maji baridi: wa kweli hutoa manjano polepole, wenyewe ukabaki mwekundu, wa bandia humwaga wekundu papo hapo.

Bi Mkunazini: Na mwambieni mwalimu anayeandika kombe asitie asali, bibi ana sukari.