Mjadala: Kufunga serikali kwa ajili ya bima ya afya, ni kumtetea mwananchi au kumtesa?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jana kijiweni mzee mmoja kauliza swali likatushinda: Marekani, taifa lenye hela zote zile, serikali inafungwaje?

Jibu fupi: Marekani hela haitoki hazina bila Bunge kuridhia, na mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba. Wasipoelewana kufikia usiku wa kuamkia siku hiyo, ofisi zinafungwa. Kwetu Tanzania, Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo mbunge anagoma akijua kesho yuko jimboni anaomba kura. Rais wa Marekani hana rungu hilo.

Sasa mada yenyewe. Mara mbili wamefunga kwa sababu ya afya. Mwaka 2013 Warepublican, chini ya Spika John Boehner, waliigomea bajeti wakitaka sheria ya bima ya Obama ya 2010 inyimwe fedha. Seneta Ted Cruz alisimama akaongea saa 21 mfululizo. Ofisi zikafungwa siku 16, watumishi kama 800,000 wakarudishwa nyumbani. Kichekesho ni kwamba soko la bima la sheria ileile, pale wasio na bima ya kazini wanaponunua yao, lilifunguliwa siku ileile ya tarehe 1 Oktoba, maana sehemu kubwa ya hela zake haingoji bajeti ya kila mwaka. Tovuti ilikwama, kweli, lakini ilikwama yenyewe bila msaada wa Cruz.

Mwaka 2025 kibao kikageuka. Warepublican walikuwa na Ikulu na mabaraza yote mawili, ila bajeti kupita Seneti inataka kura 60 kati ya 100, nao hawakuzifikisha. Wademokrat, chama cha Obama, wakagoma mpaka ruzuku ya ziada ya bima, yaani serikali kumchangia mnunuzi malipo ya kila mwezi, iongezewe muda. Ruzuku hiyo ilianza 2021, wakati wa korona, na ilikuwa ifikie ukomo mwisho wa 2025. Siku 43! Mwisho maseneta wanane wa upande wao wakavunja mgomo, wakaondoka na ahadi ya kupigiwa kura Desemba. Kura ikapigwa, ikaanguka, na mwaka ukaisha ruzuku ikiwa imekufa.

Msimamo wangu: silaha hii haijampa aliyeishika alichokifuata, si 2013 si 2025. Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, hapo umechanganya mchele na chuya. Mwaka 2013 walikuwa wanapigana na sheria iliyopita bungeni, Mahakama ya Juu ikaibariki Juni 2012, halafu mwenye sheria akachaguliwa tena Novemba. Hiyo ni kukataa matokeo ukiwa umeshafungwa mabao matatu. Wale wa 2025 walikuwa wanazuia watu wasinyang'anywe kitu walichonacho mkononi. Halafu tuwe wakweli, bila ule mgomo nani angezungumzia gharama za bima? Ilifika mahali hadi Marjorie Taylor Greene, Mrepublican wa kutupwa, akawageuka wenzake hadharani akilalamika kwamba bima za watoto wake wakubwa zitapanda maradufu.

Mchangiaji wa 2

Tusipotoshane. Ruzuku ile ilikuwa ya dharura ya korona, na ni Wademokrat wenyewe walioiwekea tarehe ya mwisho. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kuwa kuifanya ya kudumu kungegharimu dola bilioni 350 kwa miaka kumi. Nani analipa? Na hela zenyewe hazipiti mfukoni kwa mgonjwa, zinaenda moja kwa moja kwa kampuni za bima. Mnapigia makofi matajiri.

Mchangiaji wa 3

Naandika nikiwa Minnesota. Nimejiajiri, naendesha lori, bima nanunua sokoni humo humo. Shemeji yangu tunaishi naye, ni mkaguzi wa abiria uwanja wa ndege.

Mwisho wa Oktoba karatasi mbili zililala kwenye meza yetu ya chakula. Moja ni slipu yake ya mshahara: saa zote kafanya, chini imeandikwa 0.00. Hao hawarudishwi nyumbani, wanatakiwa waende kazini hata serikali ikifungwa. Nyingine ni barua ya bima yangu: nilikuwa natoa dola 118 kwa mwezi, Januari zitakuwa 394.

Yeye anasema, "Shemeji, waambie watu wako wapige kura tufunguliwe." Mimi nasema wakifungua leo, nani atakumbuka barua yangu? Dada yenu anatupakulia ugali, hamuungi mkono yeyote. Wiki mbili tulikula hivyo. Shemeji malimbikizo yake kalipwa yote. Sasa niambieni mnaosema "walikuwa wanamtetea mwananchi", mwananchi ni yupi kati yetu wawili?

Mchangiaji wa 4

Sisi huku Kenya Katiba ilishaziba hilo tundu. Ibara ya 222: bajeti ikichelewa, Bunge linaweza kuidhinisha hadi nusu ya makadirio ya mwaka, kazi ziendelee huku wanasiasa wakizozana. Si dawa ya kila kitu, lakini hakuna mkaguzi anayepeleka sufuri nyumbani kwa sababu ya bima ya mtu mwingine.

Mleta mada

Mchangiaji wa 1, nakubali madai hayakuwa na uzito sawa. La 2025 ningelipigia kura hata mimi. Lakini ukishika mateka asiyehusika, anayeangaliwa ni mateka, na mwenzako asiye na huruma naye anakungoja tu uchoke. Ndicho kilichowapata wale wanane.

Kaka wa Minnesota, Januari ulilipa hizo 394?

Mchangiaji wa 3

Sikuweza. Nimeshuka kwenye ile bima ya chini kabisa. Kabla kampuni haijatoa hata senti, dola 7,000 za mwanzo kwa mwaka natoa mwenyewe. Daktari alitaka goti langu lipigwe picha mwezi wa pili. Nimemwambia nitampigia simu.