Naombeni hesabu ya dozi, mgonjwa ana kilo 4

Kimbaumbau: Wakuu poleni na majukumu, naomba msaada wa haraka. Mimi nina kilo 60, homa ikinishika nameza parasetamoli mbili za mg 500 natulia. Sasa mgonjwa wangu ana kilo 4, 60 gawanya kwa 4 ni 15, kwa hiyo yeye ni kama mg 67 si ndiyo?

Mama Pacha: Kilo 4 si kichanga huyo! Kichanga akichemka habuniwi dozi, anapelekwa hospitali usiku huohuo. Wangu wa kwanza alichemka siku mbili wakanituliza eti meno, kupimwa kumbe mkojo mchafu. Mama mkwe mpaka kesho anasema meno.

Fundi Mizani: Watoto huwa mg 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja. Ila ana umri gani?

Kimbaumbau: Miaka 3.

Zogo: Miaka 3 kilo 4? Unalea mtoto au paka?

Kimbaumbau: Haya, ni paka. Ningesema mapema mngenicheka tu, na dawa ni dawa, mwili ni mwili.

Fundi Mizani: USIMPE! Hapo uzito haukusaidii, ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli, sumu inabaki na damu inashindwa kubeba oksijeni. Mwaka 1962 kule Oklahoma City walimdunga tembo anaitwa Tusko dawa ya kulevya ya LSD mg 297, wamepiga hesabu ya kilo kuanzia dozi za paka. Kama dakika 5 tu akaanguka, saa mbili hazikuisha akafa.

Mfugaji Mstaafu: Mimi mbuzi nilikuwa nawapa dawa ya minyoo kwa kipimo cha kondoo, mnyoo haukomi, daktari akaniambia mbuzi anaiyeyusha dawa haraka kuliko kondoo. Miaka yote hiyo nimewalaumu minyoo.

Zogo: Wadau hii chai. Paka gani anatulia kwenye mzani mpaka asome kilo 4?

Kimbaumbau: Nilipanda mzani nimembeba 64.1, nikapanda peke yangu 60.1, nikatoa. Mikono yote ina makucha.

Zogo: Tuma picha basi.

Kimbaumbau: Wakuu nilishampa kabla sijaandika. Nilitaka nusu ya robo, nikakata kwa wembe kikavunjikavunjika nadhani ikawa robo nzima, nikamchanganyia kwenye maziwa. Sikuwa na nia mbaya, alikuwa anachemka na nilijua mtasema hesabu iko sawa.

Fundi Mizani: Saa ngapi hiyo? Mfunue mdomo uangalie fizi. Hata zikiwa sawa mpeleke SASA na pakiti ya dawa mkononi, ipo dawa ya kuzima hiyo sumu inaitwa asetilisisteini ila inataka kuwahiwa.

Mama Pacha: Na mimi nilikuwa naombea mtoto jamani.

Kimbaumbau: Saa mbili zimepita. Yupo chini ya kabati anatokwa udenda, nimemmulika na simu, fizi zina rangi ya matope. Daktari wa mifugo amepokea simu anafungua, nimemfunga kwenye taulo natoka.

Mfugaji Mstaafu: Na sungura je, wanafuata kipimo cha nani?

Zogo: Mzee subiri kwanza. Kimbaumbau, picha achana nayo. Mmefika?